Nusu Kidonge kwa Bawabu

Fundi cherehani yule waliyemwita Pima-Tena alikuwa na mgongo mbovu na mbwa mzee. Mgongo aliutuliza kwa vidonge vya maumivu, vilivyokaa kwenye droo pamoja na vifungo na bobini. Mbwa, Bawabu, alilala mlangoni akiwakagua wateja.

Asubuhi moja Bawabu alishindwa kuinuka. Nyonga zilikuwa zimemkaza, akawa anaguna kama mtu. Huruma ina haraka zake. Maisha yake yote fundi alikuwa akipunguza mashati ya baba yakawafaa watoto. Akaona dawa nayo ni vivyo hivyo. Akakata kidonge katikati kwa mkasi, akaificha nusu ndani ya mkate. Mbwa akatembea. Basi akampa tena jioni, na kesho yake pia.

Kisha Bawabu akakataa chakula, akatapika, akaenda choo cheusi kama lami.

Dada yake fundi, muuza vitambaa wa duka la pili, akaingia. "Kaka, umempa nini huyu?"

"Mkate."

"Mkate mtupu?"

Fundi akainama kutafuta sindano.

"Ukidanganya huwa unatafuta sindano," dada akasema. "Nayo iko mdomoni mwako. Mbebe twende."

Daktari wa mifugo, mama wa maneno machache, naye akauliza alichokula mbwa.

"Labda kaokota kitu jalalani," fundi akasema.

"Jalalani kuna mengi, mzee. Nisipojua ni kipi, nitapapasa tu, na huyu hana muda."

Fundi akamtazama Bawabu, ulimi umepauka. Akatoa mfukoni pakiti ya vidonge aliyoichukua kwenye droo, akaiweka mezani.

"Lakini nilipunguza," akasema.

"Ulipunguza kipimo, dawa ikabaki ileile. Mwili wa mbwa hauiwezi. Inamchubua tumbo, inaharibu figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa. Ungeniuliza."



Daktari akamtundikia Bawabu dripu. "Sasa tunasubiri mkojo. Akikojoa, figo bado zinafanya kazi."

Fundi akaketi sakafuni, kichwa cha mbwa kwenye goti lake, asijue mikono aiweke wapi. Wateja walimpigia simu, hakupokea. Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili alipohisi uvuguvugu ukimpenya suruali, ukishuka hadi kwenye soksi.

Hakusogea hata kidogo.

"Daktari," akaita kwa sauti ya chini, "njoo uone."