Ukindu Mwekundu

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea mkeka. Aliununua kwa wachuuzi wa boti la Ujiji, akaukunjua katikati ya chumba, na kabla sijaiona hata rangi yake harufu ilinifikia: harufu ya ukindu uliolowekwa, ukasukwa ungali na maji, ukakauka kivulini. Kuna majani mabichi ndani yake, na udongo wa ziwa, na moshi kidogo. Nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa msichana wa miaka tisa au kumi. Kisha nikaona mistari myekundu, nikamwambia aukunje aupeleke kwa jirani. Maskini, alidhani nimeuona mbaya.

Nyinyi nitawaeleza, yeye bado.

Wakati ule Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliotutawala, na ufukwe wetu wote, toka Magara hadi Rumonge, ulikuwa umeingiwa na malale. Mtu alianza kwa kusinzia mbele ya ugali na watu wakamcheka. Miezi ikipita, hawakumcheka tena. Baba yetu mvuvi alikwenda hivyo, mama akamfuata. Tukabaki mapasa wawili kwa shangazi, mimi Bukuru na mdogo wangu Butoyi. Kwetu pacha hawatafutiwi majina, yanawasubiri. Na wana sheria moja ambayo hata kichaa anaijua: akipewa mmoja, apewe na mwenzake, kitu kilekile, siku ileile. Ukimpa mmoja hindi la kuchoma, katafute la pili.

Yatima tulikuwa wengi, na waliotukumbuka ni wanawake watatu wa mtaa wa Waislamu. Hawakutumwa na mtu wala hawakulipwa na mtu. Mmoja alifundisha kukamua mawese, wa pili mapishi na namna ya kusema na wakubwa. Wa tatu alikuwa Bi Zena, mjane mzaliwa wa Ujiji, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, naye alifundisha mikeka. Alisema yatima asiye na kazi mikononi ni mtumwa wa kila mlango. Wasichana tisa tuliangukia kwake.

Kila asubuhi, kabla hatujagusa ukindu, alitupanga mstari barazani akatukagua shingo. Alipitisha vidole nyuma, chini ya nywele, polepole, macho yake yakiwa ziwani. Shingo chafu haisuki mkeka, alituambia, nasi tukajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka. Mmoja wetu aliiosha shingo mara tatu kwa siku, na miguu yake ikabaki na matope ya juzi.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Jani la ukindu ni fupi, halifiki urefu wa mkono. Likiisha, lazima uingize jingine pasipoonekana, na huko ndiko kuunga. Asiyejua kuunga atasuka kipande cha jani moja, basi, hana mkeka maishani. Bi Zena alikuwa mkali kwenye kuunga kuliko kwenye dini. Alikuchapa vidole kwa ukindu mbichi, akafumua kazi ya asubuhi nzima, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe ukainama tena huku kamasi zinakutoka. Alikuwa na haraka daima, kana kwamba kuna mtu anamngoja mahali.

Ni mwenzetu mmoja tu, Nahimana, aliyeonekana kupendwa. Huyo ghafla aliacha kufundishwa kuunga, akapewa ukindu mwekundu ambao Bi Zena aliuchemsha mwenyewe na magome ya mti, akasuka apendavyo, akapewa na ndizi mbivu. Baada ya muda akaacha kuja. Tukaambiwa amekwenda kwa wajomba zake mlimani.

Asubuhi moja mkono wa Bi Zena ulikaa kwenye shingo ya Butoyi. Ulikaa mpaka mimi niliyemfuata kwenye mstari nikachoka kusimama. Hakusema lolote juu ya uchafu. Siku hiyohiyo Butoyi alipewa ukindu mwekundu, na mimi nikapewa mweupe wangu na kichapo changu cha vidole.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nikasimama mbele ya wote.

"Bi Zena, sisi ni mapasa. Tunapewaka sawasawa."

Wenzangu walijua nina haki. Bi Zena alinirudishia ukindu wangu mweupe.

"Hiyo kitu unaomba," akasema, "Mungu asikusikie, mutoto wangu. Rudia kuunga."

Nililia kwa hasira. Butoyi, ambaye moyo wake ulikuwa laini siku zote, alinivuta nyuma ya nyumba akanigawia wake: majani matatu kwake, matatu kwangu, akayahesabu mara mbili ili sheria isivunjike. Nikayasuka katikati ya ukili wangu mweupe, ule utepe unaoshonewa mkeka, nikajiona malkia. Bi Zena alipoyaona aliufumua ukili wote. Akanishika shingo kwa mikono miwili, akaipapasa na kuibonyeza mpaka nikalia kwa maumivu, kisha akakaa chini akafuta machozi kwa ncha ya nguo yake. Nikawa na hakika kwamba ananichukia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Butoyi alikuwa anasinzia na tonge mkononi. Wakaja askari pamoja na mtu wao wa dawa. Walitupanga mstari kama Bi Zena, wakapitisha vidole nyuma ya shingo kama Bi Zena. Nilimnong'oneza Butoyi asiogope, shingo yetu tumeisugua vizuri. Wakamtoa kwenye mstari, wakampeleka kwenye kambi ya wagonjwa. Alikwenda na ukili wake mwekundu umefungwa mkononi, urefu wa jani moja. Hakurudi.

Ikafuata amri kwamba vichaka vyote vya ufukweni vikatwe, maana mbung'o waletao malale hukaa humo. Vichaka vyenyewe vilikuwa ndiyo mikindu yetu. Nilibeba majani kichwani kupeleka motoni, mimi niliyeyajua moja moja. Watu wa ufukweni tukahamishiwa juu, mbali na maji. Huko hakuna ukindu. Nilijaribu majani ya mgomba, yakakatika. Ujuzi wote ule niliochapiwa haukunipa hata mkeka mmoja, nikashika jembe la shangazi.

Siku ya kuhama nilikwenda kumuaga Bi Zena. Alikuwa peke yake barazani, anasuka ukindu mwekundu. Hakunigombeza. Jani lilikuwa limemwishia, na vidole vyake vinatafuta mahali pa kuingiza jingine, havipaoni.

"Niungie," akasema.

Nikamuungia. Hakuikagua hata kazi yangu, kichwa kilikuwa kinamwangukia kifuani. Niliondoka nikiwa na furaha, nawaambia ukweli. Nilidhani amekuwa mpole, na kwamba hatimaye ananipenda.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza, mkunga mzee alimpapasa nyuma ya shingo akasema hana tezi, ashukuriwe Mungu, malale huanza kujionyesha hapo. Nilikaa chini palepale uani. Ndipo nilipomjua Bi Zena. Yeye mwenyewe akiugua, alikuwa na siku chache za kutufundisha, akaona asizipoteze kwa wale wasiokuwa na siku za kujifunzia. Hao aliwapa rangi na ndizi. Ukali wake wote alitumwagia sisi aliodhani tutaishi. Nami nilisimama mbele ya watu kudai fungu la mdogo wangu.

Watu wa nyumbani husema mimi ni mgumu wa kushukuru. Kweli. Mtu akinipa kitu kizuri bila sababu, mkono wangu huenda nyuma ya shingo. Hata mjukuu alipoukunjua mkeka ule, nilijipapasa mimi kwanza. Kisha nikamwita aje karibu, nikampapasa na yeye, polepole, chini ya nywele, pande zote mbili.

Akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia shingo yake chafu.