Bwana aliyemlipa mkwezi wa shangazi yangu, Kunduchi

Wakuu wa baraza hili la wasomaji, salaam aleikum nyote. Mie si msemaji, na kuandika naandika polepole, lakini haya niliyaona kwa macho yangu. Asiyesadiki aje Kunduchi aulize.

Kwetu ni mji mdogo wa pwani. Tuna msikiti, soko la samaki, jumbe wetu na minazi. Zamani Dar es Salaam ilikuwa mbali. Siku hizi inatujia yenyewe. Wapimaji wa ardhi na minyororo yao wameshafika Mbezi.

Shamba likitwaliwa, fidia hupewa mwenye minazi. Na kwetu mwenye minazi hajulikani kwa karatasi. Huulizwa mkwezi, yule anayepanda kuangua nazi: nani hukupa nazi za ujira wako? Anayemlipa ndiye mwenyewe.

Basi akatokea Bwana Sefu, kutoka Kariakoo. Alisema alikuwa rafiki wa marehemu mume wa shangazi yangu, Bi Zaina. Marehemu hakuwahi kumtaja, ila naye hakuwa mtu wa maneno.

Kila wakati wa kuangua, huyo amefika.

"Bi Mkubwa, jua kali. Kaa ndani, mie nitasimamia."

Shangazi akamwombea dua. Ukitoa ujira wa mkwezi, nazi zote alimletea, hata moja hakuchukua.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Mwizi huiba. Huyu haibi, anataka nini?

Nikamchunguza. Kumbe haanzi kazi mpaka watu watoke msikitini. Halafu humwita mkwezi wetu kwa sauti: "Makame, njoo uchukue ujira wako kwangu!"

Kwangu!

Niliona haya kumshtaki mgeni. Tuliposikia wapimaji wanakuja kwetu, nikamweleza shangazi hayo yote, naye yuko jikoni anakuna nazi. Alikung'uta mikono, akajitanda kanga, akatoka.

Tulimkuta Bwana Sefu na nazi mkononi, watu wamejaa.

"Bi Mkubwa, na jua hili!"

"Jua hili ndilo lililonizeesha, baba. Lete hizo nazi."

"Nampa Makame."

"Nitampa mwenyewe. Wewe mgeni, utachafua kanzu."

Watu wakacheka. Shangazi akazitwaa, akampa Makame.

"Makame, nani kakulipa?"

"Wewe, Bi Zaina. Tena umenipa ndogo ndogo!"

Wapimaji walipokuja, Makame akamtaja shangazi mbele ya jumbe, na wote waliokuwapo wakaitikia. Minazi ikaandikwa yake.

Bwana Sefu hajarudi, hata kutujulia hali. Wako wanaosema tulimkosea mtu mwema. Mie sisadiki. Mwema angerudi, japo kulalamika.

Nililojifunza ni hili: msaada unaotafuta mashahidi, uliza mashahidi hao ni wa nini.

Ndugu zangu wa Temeke, nasikia mji unawajia nanyi. Hebu semeni, wageni wema wameshaanza kufika?