Mkono Juu ya Kichwa

Saliha alikuwa ameinama juu ya karai la sambusa, uani kwake, mtaa wa Jabe, wakati mwanawe Shaabani alipoingia na kidumu cha mawese begani. Alikuwa ametoka kwake Rumonge kwa lori la mawese, maana siku hizi esansi ya magari ni ya kutafuta na mtu hupanda anachokipata. Mkewe, Sijaona, alikuwa amejifungua mapacha, siku ya tisa hiyo. Saliha akamshukuru Mungu, akafuta mikono kwenye kitenge, akamkumbatia mwanawe. Halafu akangoja. Alimjua. Hajawahi kuleta mawese bure.

"Mama, nimekuja kumuchukua Raihana," Shaabani akasema, hata kabla hajakaa. "Atusaidie na watoto. Mwaka mumoja tu."

"Na masomo?"

"Masomo atarudia. Mutoto wa kike wa miaka kumi na tatu, mama, huyo si mutoto tena."

Raihana ni mjukuu wa Saliha, binti wa Assia, dada yake Shaabani, ambaye ana mwaka wa sita sasa Oman akifanya kazi katika nyumba za watu. Saa ile msichana alikuwa nje ya ua, akiruka kamba na Kelly wa jirani. Kamba ilisikika ikipiga chini, na sauti zao zikihesabu, zikigombana, zikianza upya.

"Sikiliza mwenyewe," Saliha akasema. "Huyo ndiye wa kulea mapacha?"

"Anaruka kwa sababu unamwacha aruke. Si we mwenyewe umemuambia Sijaona kwamba amevunja ungo? Si umemuambia Raihana sala sasa ni zake?"

"Sala ni zake, na funga ni yake. Mapacha ni wako."

Shaabani akacheka, kwa kuwa mama yake alikuwa mpole na maneno kama hayo hayamtoki kila siku. Lakini hakuondoka kwenye jambo lake. "Na we ulikuwa na miaka mingapi ulipomubeba mjomba Rachid?"

"Tisa."

"Umeona!"

Saliha akageuza sambusa kwenye karai. Alikuwa amembeba mdogo wake Rachid mgongoni miaka miwili, akiteka naye maji, akipika naye, akianguka naye. Bega lake la kushoto lilishuka tangu siku zile na halikupanda tena. Mafundi wote waliomshonea nguo walilipima mara mbili wakidhani wamekosea. Hakuna aliyemwuliza kama yeye ni mtoto. Walimwita mama mdogo, naye akafurahi kuitwa hivyo, na kufurahi kwake ndiko kunakomchosha akikumbuka.

Adhuhuri ikafika. Alitawadha, akaswali, na ndani ya sala mawazo yakamkimbia. Mwili wa Raihana ulikuwa umesema lake, karatasi ya kuzaliwa ya ofisi ya komine imesema lake, Shaabani naye lake. Hakujua utoto unakaa wapi, kwenye mifupa au kwenye midomo ya watu. Alijua kitu kimoja tu, na hicho hakuwahi kumwambia mtu. Alipotoa salamu, alibaki kwenye mkeka.

"Shaabani. Raihana hana kumi na tatu. Ana kumi na moja."

"Mama, nimeona karatasi na macho yangu."

"Karatasi iliandika nilichosema."

Akamweleza taratibu, akitazama mkeka. Assia alipoondoka, mtoto alikuwa na miaka mitano na hakuwa na karatasi yoyote. Saliha alikuwa peke yake, sambusa zinangoja sokoni asubuhi, na mtoto anamlilia kwenye nguo. Akampeleka kuandikishwa shule. Kule wakafanya vile walivyowafanyia wote wasio na karatasi: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Ukilishika, umefika saba.

"Hakufika," Saliha akasema. "Vidole viliishia hapa juu. Lakini nyumbani nilikuwa nimemufundisha. Nilimuambia, ukiona mwalimu anatazama kitabu, inamisha kichwa kidogo. Akainamisha. Akalishika. Akaniangalia, anacheka. Wakaandika saba, na komine nikaenda kusema saba."

Shaabani akashika kichwa. "Miaka miwili, mama! Uliipeleka wapi?"

"Sokoni."

Hata Saliha mwenyewe alitabasamu kidogo, ingawa machozi yalikuwa karibu. "Mi ndiye niliyemukomaza kwanza. We unakuja wa pili. Namuomba Mungu anisamehe, lakini miaka mingine sitoi."

"Kumi na moja, kumi na tatu, mapacha watalia vilevile. Sijaona hajalala siku tisa, mama. Mi nifanye nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Shaabani hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukesha. Saliha akanyoosha miguu yake iliyovimba, akaitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Nitakuja mi. Mpaka arobaini."

"Na miguu hiyo?"

"Itakuja nami."

Akainuka, akashika ukuta, akamwita jirani juu ya ua. Adélaïde, mama yake Kelly, akachungulia na mikono yenye sabuni. Alipoelezwa, hakufikiri mara mbili. "Alete godoro lake tu, mama Shaabani. Huyu wangu akilala anapiga mateke. Na nguruwe sipiki mpaka urudi, usiogope."

Raihana akaitwa. Aliingia anahema, magoti yana vumbi, mrefu kuliko bibi yake. Saliha akamwambia: mjomba alitaka umfuate Rumonge, sasa nakwenda mimi, wewe utalala kwa mama Kelly, utasoma, utaswali.

"Bibi, naweza kurudi? Ilikuwa zamu yangu."

"Rudi."

Akakimbia. Hakusema asante, hakuuliza bibi atachoka au hatachoka. Saliha alingoja kidogo mlangoni, labda atageuka. Kamba ikaanza tena kupiga chini. Akarudi ndani, akatandika kitenge kitandani, akaanza kukunja nguo zake moja moja.