Mabibo ya Baba

Mwaka ule watu wa Shella waliacha kuagiza milango ya kuchonga. Baba, ambaye hakujua kazi nyingine, akawa anashinda ndani, hasemi na mtu. Mama alifanya kazi ya usafi kwenye nyumba moja ya wageni. Siku moja akarudi na karatasi aliyopewa na mwalimu mmoja wa Kijapani aliyekuwa akifunga safari kurudi kwao. Ilikuwa picha ya matunda matatu mekundu kwenye kitawi, basi.

"Nyanya hizi," akasema bibi.

"Nyanya zaota mtini?" Mama akacheka. "Mwenyewe kaniambia ni matunda ya kwao, matamu kama halua."

Baba aliichukua ile picha akaipeleka dirishani. Akaitazama kitambo kirefu. "Hii haikuchorwa kwa mkono," akasema. "Imepigwa kwa ubao uliochongwa, kama muhuri. Njooni muone mishipa ya mti."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. Mama akanikonyeza ninyamaze.

Kesho yake Baba alitoa patasi, akachukua kipande cha mbao ya mbambakofi kilichosalia, akachonga mabibo mawili na korosho zake, na chini akaandika "mabibo" kwa herufi za Kiarabu. Mimi nilisaga masizi ya sufuria, Mama akayakoroga na uji wa mchele, Baba akaupaka ubao na kuukandamizia karatasi. Tulipobandua karatasi ya kwanza, maandishi yalikuwa yamegeuka kinyumenyume.

"Hata malaika hawasomi hivi," akasema bibi.

Baba alicheka mpaka akaketi chini. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Akachonga upya, na ubao wa pili wa kupigia rangi nyekundu, tuliyoikamua kwenye mbegu za mzingefuri. Mama alishika pembe za karatasi, Baba akakandamiza. "Usitikisike, mke wangu." "Sitikisiki, bwana, ni wewe." Rangi ilipita mstari kidogo, bibo moja likaonekana kama limepasuka kwa kuiva.

Tulipiga kadhaa za kuuza, hakuna aliyenunua. Baba aliwagawia majirani, na kwa kuwapelekea akaanza tena kukaa barazani, kusalimia na kusalimiwa. Baadaye alipata kazi ya kuunda vitanda.

Yetu Mama aliibandika jikoni. Moshi wa kuni uliila, mwaka haukwisha ikawa nyeusi tititi. Baba alisema atapiga nyingine. Hakupiga, na sisi hatukumkumbusha.