Hati ya Papa na Mwaka Ulioanza Machi

Saa nane na dakika ishirini mchana, Jumapili moja ya Agosti 2017, Kambo alisimama akasema ana neno juu ya ubatizo wa mjukuu wake. Nataja saa kwa hesabu ya kwetu Kigoma. Kwa wenzangu wa Lubumbashi, wanaohesabu saa kama Wafaransa, ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

Tulikuwa katika darasa la katekesi nyuma ya kanisa, Rosettenville, kusini mwa Joburg. Asubuhi kanisa lilikuwa na misa ya Wareno, na mchana walituachia darasa lao sisi Waswahili: Wakongo wengi, Warundi wachache, na mimi. Kikundi chetu tulikiita shirika, kama wanavyosema Kongo. Jina la kila mtoto lilitangazwa kwa Jumapili tatu kabla ya kubatizwa, na mwenye neno, yaani pingamizi, alilisema mbele ya wote. Kwa miaka niliyokaa pale hakuna aliyekuwa amewahi kulisema.

Kambo maana yake ni bibi, na sote tulimwita hivyo. Alikuwa amepita miaka sitini, akisuka nywele katikati ya jiji, na binti yake hakufanya jambo lolote la mtoto bila ruhusa yake. Mimi nilichaguliwa kuwa parrain, baba wa ubatizo.

Aliinua simu yake. Mpwa wake, aliyekuwa amehamia kanisa la wokovu kule mjini, alimtumia picha ya hati ya Kilatini, na chini yake tafsiri ya Kiingereza.

"Anasema papa alisaini bantu beusi bakuwe batumwa milele," alisema. "Mi nimebatizwa tangu niko mutoto muchanga. Parrain, wewe njo unasomaka. Ni kweli ao ni bongo? Kama ni kweli, mutoto habatizwe." Bongo kwao ni uongo.

"Profesa wa cherehani, umeitwa," kiongozi wa shirika alisema, na watu wakacheka. Kambo hakucheka.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani mbovu. Shule niliacha darasa la saba, na mengine niliyapata kwa kusoma mwenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine, nikiandika maelezo katika daftari. Niliomba wiki moja.

Jumatatu nilikwenda maktaba ya jiji. Ensaiklopedia ilisema kwamba hati za mapapa huitwa kwa maneno yake ya kwanza, na hii iliitwa Romanus Pontifex, yaani Papa wa Roma. Ilitolewa tarehe 8 Januari 1455 kwa ajili ya mfalme wa Ureno. Lakini picha aliyotumiwa Kambo, mstari wa mwisho, ilikuwa na mwaka kwa maneno kamili: elfu moja mia nne hamsini na nne. Nilisoma mara tatu. Mwaka haukulingana. Nilifikiri aliyeghushi hati hakujua tarehe yake, nikafunga daftari nikiwa na furaha ambayo sasa naionea aibu.

Jumapili iliyofuata nilisimama nikaeleza kwamba hati ni ya kughushi. Shirika lilipiga makofi. Kambo alikaa chini taratibu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Alhamisi yake nilikuwa na miadi na mshonaji mmoja wa Lubumbashi, mwenye duka karibu na stendi ya teksi. Tulikubaliana saa mbili. Nilifika asubuhi, nikakuta mlango umefungwa, nikasubiri dakika arobaini, kisha nikapiga simu.

"Fundi, si tulisema saa mbili?"

"Ndiyo, niko mlangoni."

"Eish! Saa mbili ya mchana! Miaka tisa uko Joburg bado unaniletea saa za Tanzania?"

Nilikaa kwenye ngazi ya duka na boksi langu la vifaa. Tulitaja saa ileile, na kila mmoja wetu alikuwa sahihi, kwa kuwa tulianza kuhesabu mahali tofauti. Nikauliza moyoni: mwaka wa Roma ulianza lini?

Sikusubiri mchana. Nilirudi maktaba. Katika ofisi ya papa, wakati ule, mwaka ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya Malaika kumpasha Maria habari. Januari ilikuwa bado ndani ya mwaka wa zamani. Nilihakikisha kwa njia ya pili: hati ilisema imetolewa katika mwaka wa nane wa upapa wa yule aliyeitoa, naye alichaguliwa Machi 1447. Mwaka wa nane ulianza Machi 1454, na Januari yake ndiyo Januari tunayoiita ya 1455. Tarehe ilikuwa sawa. Nilitafuta maneno mengine katika tafsiri iliyochapishwa kitabuni. Yalikuwa sawa yote.

Jumamosi asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Kambo. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, na binti yake akimnyonyesha mtoto. Nilisema kabla ya kukaa kwamba nilikosea, na kwamba hati ni ya kweli.

"Unanidanganya mbele ya bantu, sasa unakuja kuniambia ku jikoni?"

"Sikudanganya, Kambo. Nilikosea hesabu. Nitasema mbele ya watu."

"Kaa. Niambie yote. Usipunguze."

Nilimweleza. Mwaka 1453 Waturuki waliuteka mji wa Konstantinopoli, na papa aliogopa. Alitaka wafalme wenye meli na askari. Mfalme wa Ureno aliahidi msaada, lakini alikuwa na ugomvi na Kastilia, ufalme jirani, juu ya pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, na alitaka haki ya kufanya biashara huko peke yake. Sehemu kubwa ya hati inasimulia mambo kama Wareno walivyoyaeleza. Papa aliwapa walichoomba, akirudia ruhusa aliyoitoa miaka michache nyuma: kuwateka wasio Wakristo na kuwatia utumwani daima. Inataja pia Waafrika waliokwisha kupelekwa Ureno, wengine kwa nguvu, wengine kwa kununuliwa, na kwamba wengi wao walibatizwa.

Kambo aliweka majani kando.

"Bale balibatizwa, baliachiliwa?"

"Hati haisemi."

"Na kwetu, nani alienda kuuliza?"

"Hakuna."

"Na hakuna papa mwengine alikataa?"

Nilimwambia kwamba miaka themanini baadaye alikuwapo mwingine aliyeandika kwamba wenyeji wa Amerika wasifanywe watumwa. Niliongeza kwamba aliwataja wale na watu wengine watakaojulikana baadaye, na kwamba meli ziliendelea kutubeba.

"Basi huyu alikuwa na woga, na woga yake tulilipa sisi," alisema. Binti yake aliuliza kama tumwambie padri tumeacha. Kambo alimchukua mtoto, akamweka begani.

"Bale balibatizwa bila kuambiwa kitu. Mi sitaki huyu abatizwe vile. Utaisoma ile karatasi mu shirika, kwa Kiswahili, yote. Kisha tutabatiza. Mi sibatize kwa papa, nabatiza kwa Mungu. Lakini bantu bajue."

Kutafsiri kulinichukua wiki nne, na ubatizo ukaahirishwa. Vitabuni niliona kwamba hati hiyo ilisomwa katika kanisa kuu la Lisbon kwa Kilatini na Kireno. Sisi tuliisoma darasani Rosettenville, kwa Kiswahili, na dakika za kwanza nilizitumia kueleza kosa langu. Hakuna aliyeniita profesa. Nilipofika kwenye maneno ya utumwa wa daima, mzee mmoja Mrundi alitoka nje, akarudi baada ya muda. Nilipomaliza, kiongozi alitangaza jina la mtoto kwa mara ya tatu na kuuliza kama kuna mwenye neno. Watu wote walimtazama Kambo.

"Sina," alisema.

Tulimbatiza Jumapili iliyofuata. Maji yalipomgusa mtoto alipiga kelele, na Kambo akamwambia, "Lia, mama, lia."

Siku ile niliposema hati ni ya kughushi, binti wa Kambo alikuwa ameniamini na kwenda kulipia ukumbi wa sherehe kwa tarehe ya kwanza ya ubatizo. Mwenye ukumbi alikataa kurudisha malipo. Nilitaka kulipa yote, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Kambo alikataa, tukagawana nusu kwa nusu. Jumla iliyopotea ilikuwa randi elfu moja mia mbili.