Tulitaka rangi za Italia ya zamani, tukashona rangi ya moshi wa jiko la dada yangu

Wakuu, salamu kwenu wote popote mlipo na bando zenu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Bukavu, upande wa Kadutu. Kiswahili chetu huku kina Kifaransa ndani, na watu kwetu ni batu, mtanivumilia. Haya yametokea kwenye familia yangu mwenyewe, na dada yangu huwa anapita pita humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitasutwa mchana kweupe.

Twende.

Nina dada mkubwa, tunamwita Yaya. Binti yake Noella alipata mchumba, kijana wa Bagira, mpole, hana shida na mtu. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, kwa sababu Kwaresima ikishaingia kwetu ni vigumu kupata padri wa kukufungisha ndoa. Ndiyo maana kipindi hicho mafundi hatulali wala hatuna adabu.

Kwa ambao si wa huku: harusi yetu ina pagne, yaani kitenge, ya familia. Upande wa mume wanachagua kitambaa chao, upande wa mke chao. Wanawake wote wa upande mmoja wanashona kitambaa kimoja, modeli moja. Ukiingia kanisani unajua nani ni wa nani bila kuuliza. Mama ambaye hajavaa pagne ya familia, watu wanaanza kunong'ona ugomvi ulianzia wapi.

Sasa huyu Noella kasoma historia, na kazi yake ya mwisho chuoni aliandika juu ya humanisme, ile ya Renaissance, Ulaya ya zamani. Akaja atelier, chumba changu cha cherehani, akaniita tonton, yaani mjomba, na macho yanang'aa.

"Tonton, humanisme iko hivi: mutu kwanza. Mbele ya pale balikuwa banachora batu bote sura moja. Kisha bakaanza kuchora mutu na pua yake, na kidevu yake, anakuangalia mu macho. Na sasa ile mode imerudia: mikono ya kuvimba, shingo ya carré, ya mraba, rangi nzito. Nataka bamama ya familia bavae ile."

Nikamuuliza, hiyo mutu kwanza itaonekana wapi ikiwa bamama wote wako kwenye kitambaa kimoja?

Akasema tutaona mbele. Wasomi wana jibu hilo.

Ikabaki rangi. Chuoni picha hizo alizisoma kwenye photocopie nyeusi tupu. Kwenye simu tukatafuta, kila picha ikaja na rangi yake, hata picha ileile moja. Noella akasema simu inadanganya, lakini kwa mama yake kuna karatasi iliyotoka Italia yenyewe.

Kweli ilikuwepo. Ni kalenda ya zamani ambayo padri mmoja aliwahi kumletea Yaya. Mwaka wake ulishapita kitambo, lakini ina picha ya Bikira Maria na wanawake wa kitajiri wa wakati huo wamesimama pembeni, na picha ya Bikira Maria huwezi kuitupa. Imening'inia ukutani pale salon, sebuleni. Kati ya salon na jiko la makala kuna pazia tu. Hilo la pazia lishikeni.

Tukaenda mimi na Noella, tukaisogelea kalenda kama madaktari. Rangi tuliziona wenyewe: kahawia, kijani ya matope, na moja hivi kama chai ya jana.

Noella akasema, "Ona vile iko na uzito, tonton. Bazungu ya zamani balikuwa na heshima."

Na mimi nikatikisa kichwa kwa heshima hiyohiyo. Tukachagua kahawia. Nikakata magauni yote, mikono ya kuvimba, shingo ya carré, nikajipongeza peke yangu mbele ya kioo.

Wiki ya harusi akina mama wakaja kwa Yaya kujaribu. Wakuu, nimeshona nguo za kila aina, lakini sijawahi kuona watu wakivaa huku wanatafuta mlango.

Shangazi mmoja kutoka Mudaka ndiye aliyeanza. "Fundi, hii iko ya harusi ao ya kuingia mu utawa?"

Mwingine akauliza kama kuna msiba ambao hajaambiwa. Mwingine akasema upande wa Bagira wameshatoa pagne yao, manjano na bluu, unaiona tangu ng'ambo ya ziwa.

Zamu ya Yaya ikafika. Alivaa, akajiangalia, akavua, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele yangu.

"Ndugu yangu, mimi siingie mu kanisa na hii. Mutoto yangu anaolewa, sikufiwa. Mutaenda nyinyi bote, mimi nitabakia na sufuria."

Noella akalia. Kwetu bila mama mzazi kusimama nyuma ya binti, harusi inafungwa lakini inabaki na kidonda, na upande wa pili hawatasahau. Mimi nilikuwa na hasira, siwafichi. Nilimkasirikia Noella, na Bagira na manjano yao, na ile kalenda.

Na ni hasira hiyo iliyonipeleka kwenye kalenda. Nilitaka niwaonyeshe kwamba fundi amefuata modeli, rangi si yake.

Sasa, juu ya kalenda kulikuwa na tawi la Jumapili ya Matawi. Kila mwaka Yaya analiweka pale, kwenye msumari uleule, limelala juu ya picha toka kona hadi kona. Na parokia ilikuwa imeshatangaza watu warudishe matawi ya mwaka jana, yachomwe kwa ajili ya majivu ya kufungulia Kwaresima. Yaya akasema nikiwa pale pale nimpe tawi lake apeleke.

Nikalitoa.

Chini ya tawi kulikuwa na mstari msafi. Na kwenye huo mstari, nguo ya Bikira Maria ilikuwa bluu ya kuchoma macho. Mwanamke wa pembeni alikuwa na nyekundu ya pilipili. Yule wa nyuma, waridi.

Nikapitisha kidole nje ya mstari. Kikarudi cheusi.

Shangazi wa Mudaka alicheka mpaka akakaa chini. "Basi tumevaa moshi ya Yaya!"

Hata Noella alicheka na machozi yake usoni. Tukachukua kitambaa chenye maji kidogo, tukaifuta picha pole pole, na watu wa zamani wakatoka mmoja mmoja wakiwa wamevaa kama siku ya sikukuu. Heshima gani ya kahawia. Walikuwa wanapenda rangi kuliko sisi.

Lakini magauni yalishakatwa, na kitambaa kingine hakuna wa kukinunua tena.

Ndipo nikaona mikono. Picha ikiwa safi, niliona kwamba yule mwanamke wa pembeni mkono wake umechanwa makusudi, mistari mirefu, na kitambaa kingine cha ndani kinatokeza kwenye kila mchano, kimevimba kama mandazi. Nikamwita Noella aone.

Akaangalia, akaniangalia. "Tonton, kila mutu alete pagne yake."

Hiyo ndiyo "tutaona mbele" yake. Imetufikia.

Tukawaambia akina mama: kahawia inabaki, hiyo ni familia. Lakini kila mmoja afungue sanduku lake, alete pagne anayoipenda mwenyewe, mimi nichane mikono, itokeze hapo. Nyumba ikageuka soko. Shangazi wa Mudaka alileta ya kijani aliyovaa akiwa msichana. Mmoja akaleta ya zambarau ambayo mume wake hajawahi kuiona, na hatukuuliza.

Yaya akafungua sanduku lake, akatoa pagne moja moja. Ya chorale, ya kwaya. Ya chama cha akina mama wa parokia. Ya harusi ya binamu, ya harusi ya jirani, ya tarehe nane mars, siku ya wanawake. Akafika chini.

"Hakuna yangu," akasema. "Zote bananichagulia."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetafuta kijiko. Lakini mimi nilisikia vibaya sana, na Noella pia, maana alimshika mama yake mkono na hakuuachia.

Kesho yake nikafunga atelier, wateja wakinitukana, nikampeleka Yaya soko la Kadutu. Nikamwambia, chagua. Akaniuliza mimi naona ipi. Nikasema mimi sioni kitu. Akamuuliza muuzaji, nikamkataza muuzaji. Alizunguka, akashika, akaacha, akarudi. Nilichoka miguu lakini nilinyamaza, jambo ambalo si desturi yangu.

Alichagua waridi. Siyo waridi ya haya, waridi ya kelele.

Jumamosi tuliingia kanisani kahawia tupu, na kila mama akiinua mkono kuimba, rangi yake inatoka. Upande wa Bagira walisahau kuangalia bibi harusi. Yaya alisimama nyuma ya binti yake, amenyoosha mabega kama wale wa kwenye picha, anaangalia watu machoni.

Mume wa Yaya akamwinamia. "Sikujuaka kama unapenda rose."

"Haukuniulizaka," Yaya akamjibu, akaendelea kuimba.

Sasa hivi kila anayekuja atelier anataka "mikono ya Yaya". Lakini nilichojifunza si mkono. Vipimo vya dada yangu navijua kwa kichwa, kifua, kiuno, urefu, na rangi yake sikuijua mpaka tulipofuta moshi.

Kwa hiyo wakuu, kabla hujashusha comment yako hapa chini, mpigie mama yako umuulize anapenda rangi gani, halafu uje utuandikie. Akikujibu "yoyote tu", usikate simu.