Sikio Nililoliondoa Kwenye Spika

Ipo siku moja hapa Guangzhou, China, naikumbuka kuliko siku niliyooa, mwanangu, na sijawahi kuisimulia bila kuinamisha uso. Shule niliishia la tano, kwa hiyo sitakupambia maneno. Nitakwambia kilichotokea, na waliohusika nitawataja.

Rafiki yangu Rajabu alikuwa na studio ya chumba kimoja Temeke, akirekodi taarabu na kaswida. Mtu mwenye masikio yule! Ukimchezea wimbo anakwambia mpiga kinanda siku hiyo alikuwa amechoka. Akataka spika mpya za kusikilizia kazi zake kabla hazijatoka, na mimi ndiye niliyekuwa huku. Akanitumia ujumbe wa sauti, nimeuhifadhi kichwani hadi leo.

"Kaka, wakuwekee jozi mbili tatu, zote zipige sawa, isiwepo inayopiga juu kuliko nyingine. Cheza wimbo niliokutumia, si wa kwao. Besi isipungue, isizidi. Halafu usikae tu katikati. Hamia kushoto, hamia kulia, uone kama sauti inabadilika, maana chumbani kwangu tunakaa watatu. Mwisho zima muziki, spika zibaki zimewashwa, weka sikio. Zikifanya shhh, achana nazo."

Kazi ya nusu saa hiyo.

Dalali wangu alikuwa Ngoy, mtu wa Lubumbashi, tuliyejuana naye kwenye jengo la maduka la Tianxiu. Akanipeleka duka la laoban mmoja, bosi Deng. Sasa, maduka ya huku, kabla ya bei kuna chai. Bosi anakukalisha, anakupa kikombe kidogo kama cha watoto kuchezea, ukikimaliza anamimina tena, na kuinuka unaona kama unamkosea. Na kile kiti, mwanangu, hakikuwekwa pale bure. Kilikuwa katikati kabisa, spika zote zimekigeukia. Bosi Deng akapiga muziki wake. Jozi moja nyeusi ikanigonga kifuani kwa besi, ikipiga juu kuliko wenzake, nami nikaona hiyo ndiyo yenyewe.

Hata hivyo maneno ya Rajabu yakanijia. Nikaomba muziki uzimwe, nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye spika. Ndipo Ngoy alipocheka.

"Ah, papa! Unapima iyo spika malaria?"

Wakacheka na wateja wawili waliokuwa mlangoni. Bosi Deng hakuelewa hata neno, akacheka naye. "Mei wenti, mei wenti," akasema, hakuna tatizo, akanimiminia chai. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikaona haya kuonekana mshamba. Nikatoa sikio, nikarudi kitini, nikalipia ile jozi nyeusi. Wimbo wa Rajabu ukabaki kwenye simu.

Jioni Rajabu akanipigia, akauliza, "Umesikiliza kama nilivyokwambia?"

"Yote, kaka. Ziko safi."

Spika zikaenda bandari ya Nansha, zikaingia kontena, zikafika.

Haikuchukua muda, nyimbo za Rajabu zikaanza kulalamikiwa. Chumbani zilijaa, lakini ukumbini, mbele ya maharusi, nyembamba, hazina besi. Alikuwa akiipunguza kwa sababu spika zilikuwa zinaizidisha. Mwimbaji aliyekaa pembeni alisikia hiki, yeye katikati akasikia kile, wakagombana. Waimbaji wakamhama mmoja mmoja. Na hakunilaumu! Alinipigia simu tu.

"Kaka, masikio yangu nadhani yamekwisha. Hata kukiwa kimya nasikia shhh. Spika umezisikiliza mwenyewe, kwa hiyo si spika. Ni mimi."

Nami ukweli nikauficha, mwanangu. Nikamwambia pole.

Mwaka wa pili nilirudi nyumbani, nikamkuta ameshaacha kurekodi, anauza kava za simu Tandika. Spika amezifunika kanga. Nikamwomba aziwashe. Nikakaa kwenye kigoda pembeni, sauti ya mwimbaji ikafifia. Tukazima muziki. Shhh. Nikachomoa waya ukutani, chumba kikawa kimya.

"Sikusikiliza," nikamwambia. "Nilichekwa, nikaona haya."

"Nimepimwa masikio hospitali mbili," akasema. "Daktari ananiambia mazima. Nikamwona yeye ndiye mwongo."

Studio hakuirudia mpaka leo. Ngoy bado napishana naye barabara ya Huanshi Zhonglu, ananisalimu kwa furaha, salamu yake siitikii. Alinicheka akijua ana fungu lake kwa bosi nikinunua. Bosi Deng namtaja pia, yeye na kiti chake. Lakini hawa hawakumjua Rajabu. Aliyemjua ni mimi, Hamisi.

Basi, mwanangu, mtu akikutuma ukamsikilizie, inuka kwenye kiti cha bosi. Wacha wacheke, chai ipoe, itamiminwa nyingine. Na kama hukusikiliza, sema siku ileile kwamba hukusikiliza, kabla mwenzako hajaanza kuyatilia shaka masikio yake mwenyewe. Mungu akujaalie ile aibu ndogo ya dukani, uimeze palepale iishe, akuepushe na hii ninayozeeka nayo. Amina.